Fidia ya Mkono wa Baba

Watani wetu husema Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Watu wa nyumbani wakisikia hivyo hununa, kisha huuliza kuku mwenyewe alikuwa wa rangi gani na shahidi alikuwa nani. Mimi sinuni. Nimezaliwa na mtu wa kesi, nimekulia kwenye kesi, na nitamcheka baba yangu hapa kwa sababu nilimpenda sana, na kwa sababu hayupo tena kunishtaki.

Baba alikuwa mkulima wa kahawa na migomba, mlimani juu ya Same. Kulima ilikuwa kazi yake. Kudai ilikuwa raha yake. Wenzake walipenda ngoma, wengine pombe ya miwa, yeye alipenda mahakama ya mwanzo. Na si ushindi aliopenda. Alipenda utaratibu: nani aseme kwanza, nani aulize, nani anyamaze. Akishindwa kwa utaratibu alirudi nyumbani akala makande yake yote. Akishinda kwa ubabaishaji, siku mbili nzima hakuna aliyethubutu kumsemesha.

Chanjo ya ndui ilipanda kwetu miaka ile ambayo Azimio la Arusha lilikuwa bado jipya midomoni na kila mtu alikuwa ndugu, hata aliyekuibia mbuzi. Aliyeileta alikuwa kijana mwenye kaptula ya kaki na viatu vilivyokwisha visigino. Tukamwita Bwana Chanjo, kama tulivyokuwa na bwana shamba na bwana afya. Alikuwa mtoto wa manamba: baba yake alitoka Kigoma kuja kukata mkonge kwenye mashamba ya tambarare, mkataba ukaisha, yeye akabaki. Kiswahili cha kijana kilikuwa kizuri kuliko chetu, lakini lugha yetu ya mlimani hakuijua hata ya kuombea maji.

Mimi nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima, kwa hiyo balozi wa nyumba kumi akanipangia kazi ya kuwatafsiria bibi zetu. Bwana Chanjo akisema, "Mwambie bibi asikikune kidonda," mimi nilisema, "Bibi, ukikuna atarudi kukuchanja tena, na safari hiyo ataleta sindano ya ng'ombe." Bibi alitii. Siku ya pili Bwana Chanjo akaniuliza mbona lugha yenu ni ndefu namna hii, mimi nasema maneno mawili wewe unatoa hotuba. Nikamwambia ndiyo heshima ya kwetu. Alinitazama, akatazama bibi anavyoficha mkono, akaelewa. Alicheka mpaka akaweka sindano chini, na mambo yangu yakaharibikia hapo.

Nilimpenda. Nalisema wazi sasa kwa kuwa wakati ule sikuwa na mahali pa kulisema. Tulikubaliana kwamba kahawa ikishavunwa ataleta wazee wake kunichumbia. Mtoto wa manamba kwenda kuposa kwa mwenye kahawa lilikuwa jambo gumu tayari, hata kabla mkono wa baba haujaingia katikati.

Baba alichanjwa wa kwanza, mkono wa kushoto, mbele ya watu wote, ili waoga waone aibu. Kidonda kilitunga usaha kama kilivyotakiwa, kisha kikapita kiasi. Mkono ukavimba, homa ikamlaza kitandani, mama akawa anamkanda kwa maji ya moto na kusali. Mtu asije akasema baba alijifanya mgonjwa. Aliumwa kweli, na niliogopa kweli, na kwa siku zile nilimchukia hata yule niliyempenda.

Homa ikaondoka. Uvimbe ukaondoka. Mkono ukabaki umekunjika kwenye kiwiko, haupandi kupita kiunoni. Watani wakasema chanjo imempa mzee mkono wa birika. Wengine wakasema mkono wa birika alikuwa nao tangu ujana wake, chanjo imeuonyesha tu kwa wasioujua.

Nadhani ni maneno hayo yaliyompeleka mahakamani, kuliko maumivu. Jioni moja alitutangazia kwamba atadai fidia. Mama akamuuliza kwa upole, "Utaidai serikali, baba watoto?"

"Serikali ni yetu sote," alisema baba. "Si ndivyo tunavyofundishwa kwenye mikutano? Nikiishtaki serikali nimejishtaki mwenyewe, na nikishinda nitajilipa mwenyewe. Namdai aliyeshika sindano."

Nilikuwa nasonga ugali. Mwiko ukakwama.

Niliona kisa chote kabla ugali haujaiva. Baba akishinda, Bwana Chanjo ataitwa mtu aliyelemaza wazee, watamfukuza kazi au watamhamishia nisikokujua. Baba akishindwa, jina la kijana yule halitatamkwa tena nyumbani kwetu, sembuse kuletwa posa. Mimi nilitaka kesi isiyo na wa kushinda wala wa kushindwa. Jaribu kumwomba Mungu jambo hilo uone lilivyo gumu kulipangia maneno.

Siku ya kusikilizwa tuliteremka Same, mimi na baba, mimi nikibeba mizigo kwa kuwa mkono wake haubebi. Same ilitupokea kwa upepo wake na vumbi lake, ule upepo usiojali kwamba umefua. Mama alikuwa ameufunga mkono wa baba kwa kanga iliyoning'inia shingoni. Kanga aliichagua yeye. Sikuisoma mpaka baba aliposimama mbele ya hakimu, na hakimu, kijana aliyehamishiwa kwetu karibuni, akainama juu ya meza yake na kusoma kwa sauti: "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Ni kanga ya mke wangu, mheshimiwa," alisema baba. "Haihusiki na madai."

Daktari alikwisha kueleza kwamba mfupa ni mzima na nyama ni nzima, kilichobaki ni mzee kuunyoosha mkono kidogo kidogo. Baba akapewa nafasi ya kujibu. "Mheshimiwa, daktari ameupima mkono akiwa amekaa kitini. Hajaupeleka shambani."

Kisha akaitwa Bwana Chanjo. Kabla ya kusema lolote akamgeukia baba. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alisema baba, maana hata mdaiwa ana haki ya marahaba.

"Nilichanja kama nilivyofundishwa," alisema kijana. "Lakini mzee aliumia baada ya mkono wangu kumgusa. Hilo siwezi kulikana, na linaniuma."

Baba alikereka. Alikuwa amekuja na maswali ya kumbana mtu anayekana, maswali aliyoyanoa njia nzima huku nikiyasikiliza, na sasa hayana kazi. Hakimu akamuuliza anataka alipwe nini.

"Sitaki fedha ya kijana maskini. Nataka mkono."

Hakimu akaweka kalamu chini. "Mkono upi, mzee?"

"Wa kulimia. Wangu haufanyi kazi kwa ajili yake. Apande mlimani awe mkono wangu shambani, mpaka wangu utakaporudi."

Kwenye benchi la nyuma nilifanya hesabu ya haraka. Bwana Chanjo shambani kwetu kila siku, analima hatua chache kutoka jikoni kwangu. Nikaanza kumwomba Mungu mkono wa baba usiharakishe kupona. Lakini hakimu alikuwa kijana wa siasa. Alisema kumfanya mtu mwingine kuwa mkono wako ni unyonyaji, na Tanzania ya sasa haina nafasi ya kupe.

"Kupe halimi, mheshimiwa," alisema baba. "Mimi nalima."

Watu wakacheka, hakimu naye akauma mdomo. Mwisho akaamua hivi: twende tukasuluhishe nyumbani mbele ya balozi. Tukiafikiana, balozi amletee habari, na jambo liishe. Tukishindwa, atawaandikia wakubwa wa kijana wamwondoe huku wakampe kazi mahali pengine. Alilisema hilo la mwisho kwa wepesi sana, kama mtu anayeagiza chai.

Tulipotoka baba alikwenda kwenye hoteli ya karibu kusimulia kesi kwa wadai wenzake, wale wanaojuana kwa mabenchi. Bwana Chanjo akanisogelea pembeni. Aliuliza haraka haraka, "Kwenu mtu akimkosea mzee, anafanyaje?"

"Anamwendea na isale."

"Isale ni nini?"

"Mmea wa majani marefu, uko mipakani kote, hutaukosa. Mtu akiletewa isale hawezi kukataa kusamehe."

"Basi?"

"Basi," nilisema, kwa kuwa kule kwenye baraza ya hoteli baba alikuwa anageuka kututazama.

Kwetu hakuna anayehitaji kuambiwa kwamba isale la kuombea radhi ni jani. Jani moja, unalifunga fundo, unalishika kwa adabu. Tunalijua kama tunavyojua kwamba chai hunywewa kikombeni. Tena hakuna anayehitaji kuambiwa kwamba isale lililosimama mpakani ndilo hati yetu ya shamba. Wazee wakishaligawa shamba hupanda isale, na anayeling'oa ameomba ugomvi utakaorithiwa na wajukuu. Mambo haya mawili tunayanyonya pamoja na maziwa, kwa hiyo sikumwambia hata moja.

Siku ya suluhu baba alikaa kwenye benchi nje ya nyumba, mkono ndani ya kanga. Kando yake alikaa balozi. Niseme sasa kwamba balozi huyu ndiye pia jirani tuliyepakana naye shamba, na kwamba yeye na baba walikwisha kushtakiana zamani kuhusu kona moja ya mpaka, mpaka wazee wakaenda kupanda isale pale ili wapumzike. Mimi na mama tulikuwa jikoni na chungu cha makande, mlango wazi, masikio wazi zaidi.

Bwana Chanjo akatokea njiani amekumbatia isale zima. Lilikuwa refu kumpita, lina shina, lina mizizi, linadondosha udongo kwenye shati lake jeupe. Alikuwa analitembeza kwa fahari. Alifikiri kosa kubwa linadai isale kubwa.

"Shikamooni, wazee."

Macho ya wazee yalikuwa kwenye mizizi. Mama alichungulia, akashika ukuta. "Mwanangu," aliniambia polepole, "mwenzako ameleta mpaka."

Sikujua mpaka dakika ile kwamba mama anajua kuwa ni mwenzangu.

Balozi ndiye aliyeuliza. "Kijana, hilo umeling'oa wapi?"

"Hapo chini, mzee, kati ya mahindi na maharage. Yako mengi. Nilichagua lililonenepa."

Mahindi yalikuwa yetu. Maharage yalikuwa ya balozi. Na lililonenepa lilikuwa moja tu, lile la kona. Wazee wawili waliinuka kwa pamoja na kuteremka kwa mwendo ambao sijauona kwao tena, kijana nyuma yao na mti wake, mimi na mama nyuma ya kijana. Nilifika kule nikiwa bado nimeshika mwiko.

Shimo halikuonekana. Huko kwenye mashamba ya mkonge alikolelewa, mtu haachi shimo wazi watu wakavunjika miguu, kwa hiyo jioni ya jana yake alikuwa amelifukia vizuri na kulikanyaga. Mvua ya alfajiri ikamalizia. Ardhi ilikuwa sawa kila upande.

"Lilikuwa hapa," alisema balozi, na alikuwa amesimama ndani ya mahindi yetu.

"Hapo?" alisema baba.

Ndipo mkono wa kushoto ulipotoka kwenye kanga. Ulinyooka, ukapita kiuno, ukapita kifua, ukapanda juu ya bega, na kidole kikaelekeza ndani kabisa ya maharage ya jirani. "Pale," alisema baba. "Penye lile jiwe. Hapana, songa juu. Juu zaidi." Na mkono, kwa kuwa ulikuwa umenyamaza muda mrefu, ukawa unapunga na kuongoza.

Sisi wengine hatukuwa tunatazama jiwe.

"Mkono huo," alisema balozi.

Baba akautazama mkono wake. Nadhani naye alishangaa. Hata leo naamini alishangaa. Lakini hakuweza kuushusha, maana kuushusha ni kukiri, na hakuweza kuuacha juu. Ukabaki palepale, na uso wake ukabadilika. Mzee aliyesamehe anaweza kumwoza binti yake. Mzee aliyeaibishwa mbele ya jirani hampi binti mtu yeyote aliyekuwapo.

Balozi alikuwa na furaha asiyoweza kuificha. Akamgeukia Bwana Chanjo. "Sema wewe, ndiye uliyeng'oa. Lilikuwa wapi? Na ukishasema hilo, useme na macho yako yameona nini hapa."

Kijana alitazama mahindi, akatazama maharage, akanitazama mimi na mwiko wangu. Nilielewa kinachopita kichwani mwake. Uongo mdogo upande wa maharage, baba angekuwa wake maisha. Nami, Mungu anisamehe, nilimkazia macho aelekee kwenye maharage.

Alitembea akasimama katikati, akakanyaga kwa mguu. "Hapa."

Palikuwa hapo kweli. Baba alijua, balozi alijua, na wote wawili wakanuna sawasawa.

"Na mkono?" alisema balozi.

"Mkono niliuchanja mimi," alisema Bwana Chanjo. "Ulivimba, uliumwa, niliuona. Leo nimeleta isale na umepona. Niliambiwa likiletwa haliwezi kukataliwa. Sikujua linafanya kazi upesi hivi." Kisha akasogea karibu na baba na kusema kwa sauti ya chini, "Ushushe sasa, mzee. Utachoka."

Baba akaushusha. Sijawahi kuona mkono ukishuka kwa heshima kama ule. Akalishika shina la isale kwa mikono yake yote miwili wakati kijana anachimba, wakalipanda pamoja, na balozi akapewa kazi ya kutazama kama limesimama wima.

Tuliporudi, baba aliketi kwenye benchi na kutoa hukumu yake mwenyewe. Fidia ameipokea. Wazee wengine wameombwa radhi kwa jani. Yeye ameombwa kwa mzizi, na sijui, alisema, kama yuko mwingine katika milima hii. Balozi akaahidi kumpelekea hakimu habari kwamba jambo limekwisha. Nikapakua makande. Walikula kama watu walioponea chupuchupu, na ningeweza kuridhika na hapo kwa siku ile.

Bwana Chanjo hakuridhika. Aliweka sahani chini. "Mzee, nina jambo lingine. Ni kuhusu binti yako. Nataka kumuoa."

Mama alifumba macho. Posa haisemwi na mwenyewe. Inaletwa na wazee, kwa mzunguko, kwa mafumbo, na mtu mwenye haja hukaa kwao akitetemeka. Kijana wetu alikuwa ameing'oa hii nayo na mizizi yake.

Baba alijipangusa mdomo taratibu. Uso wake ulikuwa umerudi kuwa uso wa mahakamani, na nilijua anachotafuta: kasoro ya utaratibu. Alikuwa nayo mkononi. "Hiyo ni kesi nyingine," alisema. "Na haijafunguliwa. Wazee wako sijawaona. Ukoo wako siujui. Wewe ulikuja hapa leo ukiwa mdaiwa, umekwisha kuachiliwa, huna kauli nyingine mbele yangu." Akamgeukia balozi kupata shahidi. "Kesi isiyo na mdai inafutwa. Au nimekosea?"

"Hujakosea," alisema balozi.

Bwana Chanjo aliinamisha kichwa. Angeondoka, nilimjua, angetushukuru kwa makande, angeshuka mlima kwa adabu zake zote, na mimi ningezeeka nikifundisha watu wazima kusoma a, e, i, o, u.

Nikatoka jikoni. Sauti ilinitoka ndogo kuliko nilivyotaka.

"Baba, kesi hiyo ina mdai. Ni mimi."

Kijiko cha balozi kilisimama hewani. Baba alinitazama, kwanza kama binti yake, na nikaona jinsi anavyotaka kunifukuza nirudi ndani. Kisha akanitazama vile alivyokuwa akiwatazama wale wadai wenzake wa kule Same. Akajisogeza, akaacha nafasi kwenye benchi, akaipapasa kwa mkono wa kushoto.

"Mdai aanze," alisema.